Kesi ya Punda Aliyebeba Kisu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Sisi hatuogopi, tulishaagizwa tusiogope, na waraka wa agizo hilo umebandikwa ukutani nyuma ya meza yangu, pembeni ya picha ya Mtukufu Rais akicheka. Ni kwamba tu jina la nchi ni mali ya serikali, nami ni karani wa daraja la tatu, na kulitumia kwa mambo yangu binafsi kungehitaji kibali. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani sana. Ina amani kiasi kwamba mkate tunaukata kwa uzi.

Zamani hatukuwa hivi. Kila nyumba ilikuwa na kisu chake, na watu walikata vitu ovyo, bila hata kuandikisha. Kisha siku moja Mtukufu Rais alialikwa kuzindua kiwanda cha maji ya matunda, akapewa nanasi na kisu alikate mbele ya kamera. Akalikata, na katika kulikata akajichanja kidogo kwenye kidole gumba. Damu haikufika tone la pili. Hata hivyo jioni ile redio ya taifa ilitangaza kwamba Mtukufu amenusurika, ikamshukuru Mungu kwa niaba yetu sote, na shamba lililotoa nanasi likazungushiwa askari. Siku ya tatu Bunge likapitisha Sheria ya Umiliki na Ubebaji wa Visu. Wabunge walipiga meza kwa furaha hadi wengine wakachubuka viganja, lakini kuchubuka hakukuwa na kifungu.

Nataka nieleweke: ilikuwa sheria nzuri. Sehemu ya kwanza ilisema kila raia ana haki kamili, takatifu na isiyoguswa ya kumiliki kisu. Tulisomewa sehemu hiyo redioni asubuhi na jioni, kwa ala za muziki. Sehemu ya pili ilisema hakuna mtu atakayebeba kisu. Na kubeba, kwa mujibu wa sheria, ni kukitoa kisu mahali kilipo na kukifikisha mahali ambapo hakikuwepo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kasongwa, alituita kwenye semina akatufafanulia.

"Raia akikaa jikoni kwake," alisema, "kisu kiko mezani, yeye yuko kwenye kigoda, wanatazamana, basi raia huyo yuko huru kuliko raia wa nchi yoyote duniani."

Mwenzangu mmoja aliuliza, "Na akitaka kukata kitunguu, mheshimiwa?"

"Kisu kikae. Kitunguu ndicho kitembee."

Tulipiga makofi. Mwenzangu yule alihamishiwa kituo cha mpakani, ambako naambiwa hali ya hewa ni nzuri.

Kulikuwa pia na suala la urefu. Sheria ilitaka kisu kisizidi kidole cha shahada cha Waziri wa Utulivu. Kidole hicho kilichongwa kwa mti wa mpingo, kikawekwa ndani ya kasha la kioo kwenye idara yetu, Idara ya Visu na Makali, na ndicho tulichopimia. Waziri wa kwanza alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole kama mkungu wa ndizi, kwa hiyo mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili Mtukufu akabadilisha baraza, akaja waziri mwingine, mfupi, mnene, mwenye vidole kama karanga za maganda, na kidole cha mpingo kikachongwa upya. Jumatatu ile nchi iliamka ikiwa na wahalifu wengi kuliko ilivyolala nao.

Serikali yetu ina huruma. Ilitoa wiki mbili za msamaha ili watu walete visu vyao virefu, kila mmoja akiwa amekishika kwa ncha za vidole na mkono umenyooshwa juu, kama anayeomba ruhusa darasani. Walikuja kwa foleni iliyofika sokoni. Nilipokea visu elfu nne na mia moja kumi na saba, nikavifungia ghalani. Wiki mbili zilipokwisha, polisi wakamweka Koplo Mlangali kwenye geti letu, ili yeyote atakayeleta kisu baada ya hapo akamatwe kabla hajapata shida ya kuingia ndani.

Hapo ndipo alipokuja Bi Mwanamvua.

Mji mzima ulimjua. Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi, hata sherehe za kuapishwa kwa madiwani. Ndiye aliyepika pilau ya harusi yangu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya juu iliyozoea kushindana na moshi na kelele za masufuria. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na kisu alichoachiwa na mama yake, chenye urefu wa shubiri moja, na punda dume wa kijivu aliyembebea masufuria na miiko. Punda huyo watu walimwita Bwana Harusi, kwa sababu kila harusi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Wiki za msamaha zilimkuta Bi Mwanamvua shamba, kwenye arobaini ya dada yake. Aliporudi akasikia habari, akaja ofisini siku hiyo hiyo, mikono mitupu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kisu changu kimekuwa kirefu nikiwa safarini."

Nilimweleza kwamba wapishi wana bahati, wamewekewa kibali maalumu cha kisu kirefu. Akafurahi. Nikampa fomu, akaijaza kwa mwandiko wa taratibu. Nikamwambia kilichobaki ni kukileta kisu kipimwe.

"Nikilete vipi?"

"Ukilete tu, Bibi."

"Yule askari wa getini si ananikamata?"

"Ndiyo. Kukileta ni kukibeba."

Akaketi kwenye benchi, akakunja khanga vizuri.

"Basi njooni nyinyi nyumbani mkipime."

"Kipimo cha taifa hakitoki nje ya jengo, Bibi. Ni kidole cha Waziri."

"Mwanangu, mimi si mbishi. Nimepika mpaka kwa wakubwa. Niambie tu: kisu kitatoka kwangu kije hapa kwa miguu yake?"

Nilifungua kitabu cha sheria nikasoma tena, maana swali lilikuwa la haki. "Hilo halikukatazwa," nikamwambia. "Sheria imesema hakuna mtu atakayebeba. Kisu chenyewe kikijileta, hakuna kosa."

Nilisema hivyo kwa nia njema. Mpaka leo huwa narudia maneno hayo kichwani, neno moja moja, nikitafuta nia mbaya, na sijaiona.

Kesho yake saa tatu asubuhi Bwana Harusi aliingia mtaa wetu peke yake. Kisu kilikuwa kimefungwa kwenye shogi lake la mizigo mgongoni kwa vitambaa saba, ncha ikitazama mbinguni, na juu yake fomu. Bi Mwanamvua alikuwa nyuma hatua hamsini, mikono kaipandisha juu, akisema kwa sauti ili mashahidi wasikie, "Mimi sikubeba! Jamani mnaniona, mimi sikubeba kitu!"

Watu walitoka madukani. Wengine walicheka, wengine wakamsifu kwa akili. Bwana Harusi alikuwa anaijua njia ile, maana inapita sokoni. Akafika getini, akasimama mbele ya Koplo Mlangali.

Koplo alimzunguka mara mbili. Akamtazama usoni. Alikuwa askari mwenye bidii, na siku tatu hakuwa amekamata mtu.

"Uko chini ya ulinzi," akasema.

"Nani?" akauliza Bi Mwanamvua kutoka mbali.

"Si wewe. Wewe hukubeba, nimekuona kwa macho yangu. Huyu."

Kesi ilisikilizwa siku ya nne, uani mwa mahakama, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Wakili wa serikali alileta kanuni mpya iliyotiwa sahihi na Waziri jioni iliyotangulia: kwa madhumuni ya sheria hii, neno "mtu" litajumuisha chochote chenye miguu kinachokwenda kwa hiari yake. Hakimu aliisoma, akavua miwani, akaivaa.

"Mshtakiwa, Bwana Harusi, asiye na kazi maalumu, unakiri au unakana?"

Punda aliinamisha kichwa kunusa majani yaliyokuwa miguuni.

"Andika," hakimu akamwambia karani wa mahakama, "mshtakiwa amekiri kwa unyenyekevu."

Bi Mwanamvua alisimama. "Mheshimiwa, huyo ni punda wangu. Mimi ndiye niliyemfunga kisu. Nifungeni mimi."

"Mama, unataka kuipotosha mahakama? Shahidi wa serikali ameapa kwamba hukubeba."

"Lakini yeye hajui kitu!"

"Kutojua sheria si utetezi," akasema hakimu, bila ukali wowote. Nadhani alikuwa anamwonea huruma. Sote tulikuwa tunamwonea huruma. Hatukuwa na kifungu cha kuiweka huruma hiyo.

Bwana Harusi alipewa miezi sita. Kwa kuwa gereza halikuwa na nafasi ya mfungwa wa umbo lake, na kwa kuwa alikuwa pia kielelezo, iliamriwa akae kwenye ua wa idara yetu, afungwe kwenye mlingoti wa bendera. Kisu kiliingia ghalani, nikakipa namba: elfu nne mia moja kumi na nane.

Kamba ililetwa na bohari ya serikali. Ilikuja ikiwa nzima kwenye gurudumu lake la kuviringishia, ya nailoni, mita thelathini. Nilimwuliza aliyeileta kama wanaweza kutupunguzia, maana mita nne zingetosha.

"Tutapunguza kwa kutumia nini?" akaniuliza.

Tulimfunga kwa mita zote thelathini.

Kila asubuhi Bi Mwanamvua alikuja na majani. Mundu wake ulikuwa umesalimishwa na jirani pamoja na wa jirani huyo mwenyewe wakati wa msamaha, kwa hiyo majani aliyang'oa kwa mikono, na viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa makali ya majani yenyewe. Shughuli alizikosa. Walioa watu watatu mwezi ule wakala wali mweupe na maharage. Alimpa Bwana Harusi majani kidogo kidogo, akamsafisha macho kwa pindo la khanga, akazungusha kamba iliyojisokota, akaondoka. Mara nyingine alipita dirishani kwangu.

"Anakunywa maji?"

"Anakunywa, Bibi. Mimi mwenyewe nampelekea ndoo."

"Mungu akulipe. Imebaki miezi mitano na siku tisa."

Niliwahi kumwandikia Mkurugenzi barua kuhusu kamba. Nilieleza kwamba ni ndefu, kwamba mfungwa anajizungusha nayo kwenye mlingoti, na kwamba mara mbili nimemkuta shingo imebanwa. Barua ilirudi imeandikwa kwa wino mwekundu: "Apewe ushauri nasaha."

Wiki ya sita ikaangukia Wiki ya Usalama wa Makali. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu mwenyewe angekuja kuizindua kwenye ua wetu. Tulipaka chokaa mawe, tukafagia, tukatandika zulia. Ilipendekezwa mfungwa ahamishwe kwa siku moja, lakini kumhamisha kulihitaji amri ya mahakama, na mahakama ilikuwa imefungwa ili watumishi wake wahudhurie sherehe. Basi wakamfunga utepe wa rangi za taifa masikioni, akaachwa.

Saa nne hivi msafara wa Waziri uliingia. Ving'ora vilikuwa sita. Bwana Harusi hakuwa amewahi kusikia hata kimoja kwa karibu hivyo. Aliruka, akakimbia, na kwa kuwa alikuwa amefungwa, alikimbia kwa kuuzunguka mlingoti. Kila mzunguko kamba ikapungua. Pikipiki za msafara zikapita kati, akarudi nyuma, akajipitisha chini ya kamba yake mwenyewe, akakimbia tena upande wa pili. Bendi ilikuwa imeanza wimbo wa taifa, kwa hiyo sote tulikuwa tumesimama wima, mikono ubavuni, tukimwona kwa pembe ya jicho. Wimbo wetu wa taifa una beti saba.

Ulipokwisha alikuwa amelala kwa ubavu, shingo imevutwa kwenye chuma cha mlingoti, kamba imemkaba mara tatu na fundo limezama kwenye manyoya. Miguu ilikuwa inapiga mchanga.

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama nje ya uzio na majani yake. Alipita chini ya mkono wa Koplo Mlangali kama hamwoni, akapiga magoti, akaingiza vidole kati ya kamba na shingo. Havikuingia.

"Kisu!" akapiga kelele. "Jamani, kisu! Mwenye kisu!"

Watu mia tatu tulikuwepo. Nakumbuka jinsi tulivyojipapasa mifuko. Watu wazima, mawakili, walimu, askari wenye bunduki, wote wakijipapasa, ingawa kila mmoja alijua kwamba hana kitu. Mwingine alitoa kitana. Mwingine alitoa kalamu. Wanaume wanne walijaribu kumzungusha punda kinyume kwenye mlingoti ili kamba ilegee, lakini kila walipomgusa alijitupa kwa hofu na fundo likazidi kukaza. Koplo Mlangali alikuwa ametoa daftari kuandika jina la aliyeita kisu hadharani. Kisha akaliangalia daftari, akaliangalia fundo, akalirudisha mfukoni. Akainama naye akaanza kuvuta kamba. Hakufika popote.

Bi Mwanamvua aliniona. "Mwanangu! Ghalani! Changu kiko ghalani!"

Nilikimbia. Nataka hilo liandikwe, kwamba nilikimbia. Nilifika kwenye mlango wa ghala na ufunguo mkononi. Nikasimama. Kutoa kisu ghalani bila sahihi ni miaka kumi na tano, nami nina mke na watoto wawili. Nikachomoa fomu ya kutolea kielelezo, nikaijaza nikiwa nimesimama, nikarudi mbio kwa Mkurugenzi, ambaye alikuwa nyuma ya kiti cha Waziri.

"Mheshimiwa, sahihi."

"Siwezi kusaini mbele yake," akanong'ona Bwana Kasongwa. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Asaini yeye."

Waziri alikuwa ameshaanza hotuba. Alikuwa ukurasa wa pili, akisema kwamba katika mwaka mzima majeraha ya visu yamepungua hadi kufikia idadi isiyosemeka. Nilisimama pembeni na fomu nimeinyoosha. Akamaliza aya. Akanigeukia, akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, kwa utulivu mkubwa.

"Kisu kina urefu gani?"

"Shubiri, mheshimiwa."

Alitazama kidole chake. "Siwezi kusaini kuvunja sheria inayopimwa kwa kidole changu mwenyewe. Tafuta kifupi."

"Mheshimiwa, vyote vilivyoko ghalani vililetwa kwa sababu ni virefu."

Alifikiri. Nashuhudia kwamba alifikiri kweli, uso ulimkunjamana. Nyuma yangu niliisikia pumzi ya yule mnyama, ikivutwa kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu.

"Basi ni hivyo," akasema Waziri, taratibu, kama aliyetoka kugundua jambo. "Hakuna la kufanya." Akarudi kwenye ukurasa wa tatu.

Nilirudi kwenye mlingoti na fomu yangu. Bi Mwanamvua alikuwa anaitafuna kamba. Alikuwa amelala kifudifudi mchangani, shavu lake limegusana na shavu la punda, anatafuna nailoni kwa meno ya pembeni, na midomo ilikuwa inatoka damu. Alikuwa amekata nyuzi kama nane hivi. Kamba ile ilikuwa na nyuzi mamia. Nikapiga magoti upande wa pili nikaanza na mimi kutafuna. Haikatiki. Inateleza, inachoma ulimi, na ina ladha ya mafuta ya taa. Tulitafuna hivyo, yeye huku na mimi kule, na hotuba ikiendelea juu ya vichwa vyetu, mpaka niliposikia kwamba pumzi haivutwi tena.

Yeye aliendelea kutafuna kwa muda.

Waziri alifunga hotuba kwa kutuomba tumwangalie jirani aliye kulia na aliye kushoto. "Mnaona?" akasema. "Umati mkubwa hivi, na hakuna hata mmoja aliyekatwa." Bendi ikapiga. Msafara uliondoka bila ving'ora, kwa heshima ya marehemu, na hilo lilitajwa kwenye taarifa ya habari.

Watu walitawanyika wakiwa wameinamisha vichwa. Bi Mwanamvua alikaa mchangani na kichwa cha Bwana Harusi kwenye mapaja. Nilimletea maji ya kusukutua. Alisukutua, akatema pembeni.

"Ufunguo unao?" akaniuliza.

"Ninao, Bibi."

"Hata ulipokimbilia ghalani ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza saa akatajiwa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kisha akaanza kuifungua kamba. Sasa kwa kuwa hakuna aliyekuwa anavuta, fundo lilikubali, lakini kwa kuchokonolewa tu, kidogo kidogo, kwa kucha. Nilimsaidia. Tulimaliza alasiri. Hakuna aliyekuja kutukataza, kwani kufungua fundo hakuna sheria. Aliuvua utepe wa taifa masikioni mwa punda akaniwekea juu ya jiwe lililopakwa chokaa. Halafu akaikunja kamba yote, mita thelathini, kati ya kiganja na kiwiko, duara juu ya duara, vizuri kabisa, akaifunga kwa ncha yake yenyewe, akanikabidhi.

"Hii ni ya serikali," akasema. "Nisije nikaambiwa nimeiba."

Niliipokea. Nikaingia ndani nikaketi mezani, nikachukua kitabu, nikamwandikia risiti: kamba moja, nzima. Kwa risiti hiyo sikuhitaji sahihi ya mtu.